Jinsia na haki za uzazi katika ufundishaji wa sheria ya haki za binadamu

Jinsia na haki za uzazi ni sehemu ya somo la sheria ya haki za binadamu inayohusu uhuru wa mtu kuamua kama atazaa, lini na watoto wangapi, pamoja na wajibu wa dola kumpatia huduma salama. Msingi wake ni Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake wa 1979, ibara ya 12 na 16. Afrika ina Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake. Ibara yake ya 14 inataja waziwazi utoaji mimba wa kitabibu, kwa mfano mwanamke anapobakwa; Kenya iliiridhia Itifaki mwaka 2010 lakini ikakataa kufungwa na aya ya utoaji mimba.

Ibara peke yake hazitoshi. Mwanafunzi aweza kuzikariri zote asijue ubaguzi una sura gani wodini, ndiyo maana shauri la Alyne da Silva Pimentel wa Brazili linastahili kusomwa kurasa zote. Alyne, mwanamke mweusi wa miaka 28 mwenye mimba ya miezi sita, alikwenda kliniki Novemba 2002 akitapika na kuumwa tumbo. Akarudishwa nyumbani. Mtoto alifia tumboni, na mama alipozidiwa akasubiri gari la wagonjwa kwa muda wa saa nane. Hospitali kubwa ilimpokea bila kumbukumbu zake za matibabu, akawekwa kwenye korido saa 21 hadi akakata roho. Mwaka 2011 Kamati inayosimamia Mkataba iliamua kuwa Brazili ilikiuka haki zake, na kwamba huduma kutolewa na kliniki ya binafsi hakuiondolei dola wajibu.

Kwa Tanzania, shauri la kuanzia ni la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akingojea 18. Msichana aolewaye mapema hubeba mimba mapema, kwa hiyo suala la umri ni suala la uzazi pia. Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka ule mmoja ulikuwa umekwisha zamani, na vifungu vilikuwa havijaguswa.