Kuchanganya au Kupandanisha? Historia Fupi ya Picha za Ujazo katika Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowatatiza wafasiri wetu ni zile zihusuzo uchoraji wa data za ujazo. Tatizo hili halitatuliwi kwa kupekua kamusi peke yake. Yafaa kwanza tufuate jinsi kazi yenyewe ilivyokua.

Asili yake ni hospitalini. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Eksirei ya kawaida huvibandika viungo vyote juu ya bapa moja, kimoja kikafunika kingine. Mashine hii ilitoa kipande kimoja tu cha kichwa, kana kwamba kimekatwa kwa kisu, chenye nukta 80 kwa 80. Vipande vya namna hiyo vikipangwa kimoja juu ya kingine, nukta hugeuka kuwa michemraba midogo, nayo ndiyo iitwayo vokseli.

Mwaka wa 1988 Marc Levoy, na kwa upande wao Robert Drebin, Loren Carpenter na Pat Hanrahan, walichapisha njia za kuuchora ujazo huo moja kwa moja, bila kutafuta kwanza nyuso zilizomo. Kila vokseli hupewa rangi yake na kiasi chake cha kuzuia nuru, mithili ya kitambaa chepesi. Mtazamaji huona ngozi, na kupitia ngozi huona fuvu.

Shida ikawa ukubwa. Ujazo wenye vokseli 4,096 kila upande una vokseli zaidi ya bilioni 68. Kila moja ikichukua baiti 2, jumla yapita baiti bilioni 137. Mzigo huo hauna budi kugawanywa kwa kundi la kompyuta. (Wako wapendao kuliita kundi hilo "shada", neno zuri, ila shada hupamba tu, halifanyi kazi.) Mwaka wa 1994 Kwan-Liu Ma na wenzake walieleza njia moja ya kufanya hivyo. Kila kompyuta huchora sehemu yake ya ujazo. Kisha kompyuta hukaa wawili wawili, kila moja ikampa mwenziwe nusu ya picha na kubaki na nusu. Kompyuta 64 humaliza kwa hatua 6, kila moja ikiwa na sehemu moja ya 64 ya picha iliyokamilika.

Hapa ndipo neno linapopimwa. Thomas Porter na Tom Duff walikwisha kuonyesha mwaka wa 1984 kwamba picha za namna hii zaweza kuunganishwa kwa mafungu yoyote, mradi zifuatane. Waweza kuanza na mbili za mbele au mbili za nyuma. Ya nyuma kuitanguliza mbele, huwezi. Wengi wetu tumekuwa tukiandika "kuchanganya". Lakini achanganyaye unga na sukari hajali kipi kilitangulia kutiwa bakulini. Mwanafunzi atakayelifuata neno hilo katika programu yake atapata fuvu lililovaliwa juu ya ngozi, wala hatajua kosa limetoka wapi. "Kupandanisha" lamwambia tangu mwanzo kwamba kuna kilicho juu na kilicho chini.