Hewa Midomoni mwa Waingereza

Msomaji mpenzi, hebu fikiri kwamba umesimama katika kituo cha basi mjini London, asubuhi moja ya mwezi wa Januari. Ni saa mbili, na jua ndiyo kwanza linachomoza, ingawa hulioni, kwa maana mbingu yote ni ya rangi ya majivu. Mvua hainyeshi, lakini barabara imelowa. Baridi ipo, ila si baridi ya kukata masikio. Mara anakuja bwana mmoja mzee mwenye mwavuli, na pale kituoni anamkuta bibi ambaye kwa muda wa miaka mingi wamekuwa wakipanda basi moja, na hata leo hawajuani majina.

"Si baridi sana leo," asema yule bwana.

"Si sana," ajibu yule bibi. "Jana ilikuwa mbaya zaidi."

"Naam. Lakini wasema mvua itarudi jioni."

"Haidhuru, mradi theluji isije."

Basi linafika, na mazungumzo yamekwisha. Kila mmoja amemwambia mwenzake jambo ambalo mwenzake alikuwa akiliona kwa macho yake mwenyewe.

Siku moja niliwasimulia wanafunzi wangu kisa cha namna hii. Kijana mmoja alicheka, kisha akauliza, "Mwalimu, watu hawa hawana neno lingine la kusema?" Swali lake lilikuwa la haki, nami sikuweza kulijibu vema siku ile. Leo nataka kulijibu, na kukuonyesha wewe msomaji kwamba nyuma ya maneno haya madogo iko historia kubwa, na katika historia hiyo wamo watu waliokufa maji na mtu mmoja aliyejitahidi kuwaokoa wengine wasife vivyo hivyo.

Kwanza tujitazame sisi wenyewe. Watu wawili wakikutana njiani katika nchi yetu, huulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za ng'ombe. Jibu la kwanza siku zote ni "njema," hata kama aliyeulizwa ametoka kumzika ndugu yake. Baada ya "njema" ndipo habari za kweli hufuata. Hatumwoni mtu huyo kuwa mwongo, kwa sababu twajua kwamba salamu ni hodi tu. Ni njia ya kugonga mlango wa moyo wa mwenzako kabla ya kuingia. Basi maneno ya Mwingereza juu ya hewa ni hodi yake. Si desturi yake kumwuliza mtu asiyemjua habari za watoto wake, lakini mvua huwanyeshea wote wawili sawasawa, na kwa hiyo kuitaja si kumchungulia mtu.

Lakini kwa nini hodi hiyo iwe hewa, wala si jambo jingine? Jibu limo katika jiografia. Wazee wetu wa pwani, kutoka Lamu hata Kilwa, walijua kwamba kaskazi itavuma kuanzia mwisho wa mwaka hata mwezi wa Machi, na ya kwamba baada yake itakuja kusi. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni yalikuja kwa upepo mmoja na kurudi kwa mwingine. Nahodha hakuwa na haja ya kumwuliza mwenzake kila asubuhi upepo watoka wapi.

Uingereza haina pepo za namna hiyo. Ni kisiwa kilichowekwa penye mapigano. Upande wa magharibi iko bahari kuu ya Atlantiki, na maji yenye vuguvugu yaendayo huko kutoka pande za joto. Upande wa mashariki liko bara la Ulaya, ambalo huganda wakati wa baridi. Na upande wa kaskazini ziko bahari za barafu. Upepo ukitoka magharibi huleta mawingu, mvua na joto kidogo. Ukigeuka ukatoka mashariki, huleta baridi kavu kutoka nchi za Urusi. Ukitoka kaskazini huleta theluji. Huenda pepo zote tatu zikavuma katika juma moja. Kwa sababu ya bahari hiyo ya magharibi, majira ya baridi ya Uingereza si makali. Mjini London, siku nyingi za Januari, joto hufika digrii 7 au 8 za Sentigredi mchana, na usiku hushuka hata digrii 2 au 3. Na nchi ya Labrado, iliyo ng'ambo ya Atlantiki katika latitudo ile ile, huwa imefunikwa theluji na barafu. Basi hewa ya Mwingereza haimwui, wala haimwachi akastarehe. Akivaa koti zito, mchana atatoka jasho. Akiliacha nyumbani, jioni atatetemeka. Kitu kama hicho hakikosi kuzungumzwa.

Waingereza wenyewe waliitambua tabia yao zamani sana. Samuel Johnson, mwandishi wa kamusi mashuhuri iliyotolewa mwaka 1755, aliandika makala mwaka 1758 akisema kwamba Waingereza wawili wakikutana, mazungumzo yao ya kwanza ni juu ya hewa. Aliwacheka kidogo, lakini pia aliwatetea. Alieleza kwamba mtu akaaye katika kisiwa kama kile hulala bila kujua kama asubuhi ataona jua au mawingu, na hivyo si ajabu akiamka na kulitaja lile aliloliona. Baada ya Johnson akaja Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London, ambaye mwishoni mwa mwaka 1802 aliwasomea rafiki zake maandishi yaliyoyapa mawingu majina ya Kilatini. Majina hayo, pamoja na mengine yaliyoongezwa baadaye, hutumiwa na wataalamu wa dunia nzima hata leo, nawe umeyasoma katika somo la jiografia. Yalitoka kwa mtu aliyekuwa na desturi ya kutazama juu, katika nchi ambayo kila mtu hutazama juu.

Hata hivyo kutazama na kusema havitoshi kuokoa maisha ya mtu. Usiku wa tarehe 25 kuamkia tarehe 26 Oktoba, mwaka 1859, merikebu iitwayo Royal Charter ilikuwa karibu kumaliza safari yake ya kutoka Australia kwenda Liverpool. Ndani yake walikuwamo watu waliokwenda kuchimba dhahabu, nao sasa walikuwa wakirudi makwao pamoja na mali zao. Tufani kali iliikuta merikebu hiyo karibu na kisiwa cha Anglesey, katika pwani ya Wales. Nanga zilikatika, na merikebu ikapigwa juu ya miamba, mahali ambapo watu wa kijiji waliweza kuiona kutoka nchi kavu. Baharia mmoja aliogelea na kamba hata pwani, na kwa kamba ile watu wachache waliokolewa. Zaidi ya watu 400 walikufa, na hapana mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyeokoka. Merikebu nyingine nyingi zilipotea katika tufani ile ile.

Sasa fikiri, msomaji. Tufani ile haikuzuka ghafula katika pwani ya Wales kama jini. Ilikuwa imetoka mahali, ikapita mahali pengine, na huko ilikopita watu waliiona na kuzungumza habari zake. Walisimama milangoni wakaambiana, "Upepo wa leo ni mbaya." Maneno yao yalikuwa kweli, lakini yaliishia pale mlangoni. Hayakumfikia nahodha aliyekuwa mbele ya njia ya tufani.

Mtu aliyelitambua jambo hili ni Robert FitzRoy. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa merikebu Beagle, iliyomchukua Charles Darwin katika safari yake ya kuzunguka dunia kati ya mwaka 1831 na 1836. Mwaka 1854 serikali ilimweka kuwa mkuu wa idara ndogo mpya ya kukusanya habari za hewa baharini. Kazi yake ilikuwa kukusanya tu, wala si kutabiri. Lakini baada ya msiba wa Royal Charter FitzRoy hakuridhika. Wakati ule simu ya waya ilikuwa imekwisha kuenea nchini, na habari ziliweza kukimbia kuliko upepo. Akasema, ikiwa watu walio katika pwani nyingi watapima hewa saa moja, na kupeleka vipimo vyao London kwa simu, basi itawezekana kujua tufani inakwenda wapi, na kuwaonya walio mbele yake.

Mwaka 1861 akaanza. Maonyo yalipelekwa bandarini kwa simu, na huko alama nyeusi, zenye umbo la pia na la ngoma, zikatundikwa mlingotini ili kila baharia azione. Tarehe 1 Agosti mwaka ule ule, gazeti la The Times lilitangaza kwa mara ya kwanza hali ya hewa iliyotazamiwa siku iliyofuata. FitzRoy alikuwa mwangalifu sana katika maneno yake. Alikataa kuitwa mtabiri, akasema kwamba yeye hapigi ramli, bali anatoa maoni yaliyotokana na vipimo na hesabu.

Watu walilipokeaje jambo hili? Siku utabiri ulipokuwa sahihi, wengi walinyamaza. Siku ulipokosea, walicheka. Mtu aliyeambiwa atarajie jua, kisha akalowa, hakusahau. Wataalamu wengine walisema kazi ile haina msingi wa elimu. Baadhi ya wenye vyombo vya uvuvi walinung'unika kwa sababu mashua zao zilikaa bandarini kila alama ilipotundikwa, na mashua ikikaa bandarini haileti faida. FitzRoy alikuwa amechoka, ni mgonjwa, na mali yake alikuwa ameimaliza katika kazi za umma. Tarehe 30 Aprili 1865 alijitoa uhai.

Baada ya kufa kwake kamati iliundwa kuichunguza kazi yake, na mwaka 1866 utabiri na maonyo vyote viwili vikasimamishwa. Ndipo likatokea jambo la ajabu. Watu wa baharini walilalamika na kuyadai maonyo yao, kwa kuwa hao walijua thamani ya alama ile nyeusi. Maonyo ya tufani yakarudishwa baada ya muda wa mwaka mmoja hivi, na utabiri wa magazetini ukarudi mwaka 1879. Tangu hapo, yule bwana wa kituoni akisema, "Wasema mvua itarudi jioni," hao "wasemao" ni warithi wa FitzRoy.

Pengine bado wafikiri kwamba mazungumzo ya hewa ni jambo jepesi. Basi kumbuka vita vya mwaka 1939. Vilipoanza tu, redio ya Uingereza iliacha kutangaza hali ya hewa, na habari hizo hazikurudi hewani hata mwaka 1945. Magazeti nayo yalizuiwa. Mwezi wa Januari 1940 ulikuwa wa baridi kali isiyo ya kawaida. Theluji ilifunga reli na mito iliganda, lakini magazeti hayakuruhusiwa kuandika habari hizo mpaka siku nyingi zilipopita. Kwa nini? Kwa sababu hewa ya pande zile mara nyingi hutoka magharibi kwenda mashariki. Mvua inyeshayo Uingereza leo yaweza kufika Ujerumani kesho. Adui aliyejua hewa ya London leo angejua siku ya kurusha ndege zake. Maneno yale yale ambayo bwana na bibi huambiana kituoni bila kufikiri yalikuwa siri ya vita.

Sasa naweza kumjibu yule kijana. Watu wale wanayo mengi ya kusema. Mmoja wao huenda amefiwa, na mwingine huenda hana kazi, lakini huanza na hewa kama sisi tuanzavyo na "njema." Wala tusisahau kwamba nasi twayo mazungumzo yetu ya hewa. Mkulima wa Machakos amwulizapo jirani yake, "Je, mwaka huu mvua itakuja?" hapigi porojo, anauliza kama watoto wake watakula.

Mwaka 2002 sehemu moja ya bahari ya Atlantiki, katika orodha ya utabiri ambao husomwa redioni kwa ajili ya mabaharia wa Uingereza, ilipewa jina jipya. Iliitwa FitzRoy. Kwa hiyo mtu aliyechekwa kwa kubahatisha hewa sasa hutajwa pamoja na hewa yenyewe, na baharia aliye mbali gizani husikiliza apate kujua kama upepo wa FitzRoy ni mwema au ni mbaya.

Nawe msomaji, siku utakapomsikia mtu akisema neno ambalo kila mtu alijua, usiwe mwepesi wa kucheka. Neno dogo lililoishia mlangoni halikuwafaa watu wa Royal Charter. Neno hilo hilo, lilipopimwa, likaandikwa na kupelekwa kwa wakati, liliwarudisha wengine nyumbani.