Mali Bila Daftari: Stori ya Flashi Iliyosahaulika na Wingu Lililobeba Mafaili ya Dunia

Ilianza kupotea kofia. Zikafuata buti. Halafu akapotea mwenyewe mzima.

Ni mwaka 1998, Marekani, ndani ya studio iliyokuwa inatengeneza Toy Story 2. Mtu mmoja aliiamuru kompyuta ifute mafaili, kumbe amri imeenda sehemu siyo. Wenzake wakabaki wanakodolea macho skrini huku Woody akiyeyuka kipande kwa kipande. Mpaka wanakimbilia kuchomoa waya, karibu asilimia 90 ya filamu ilikuwa imeshakwenda. Wakajipa moyo kwamba nakala za akiba zipo. Kucheki, zilikuwa hazijarekodi vizuri kwa takriban mwezi mzima na hakuna aliyegundua.

Aliyeokoa jahazi ni mama mmoja aliyekuwa amejifungua na anafanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala ya filamu. Wakamfuata, wakaifunika ile mashine kwa mablanketi, wakaiweka siti ya nyuma ya gari, wakaifunga mkanda na kuendesha polepole kama wamebeba mgonjwa. Baadaye hadithi ilibadilishwa na sehemu kubwa ya filamu ikatengenezwa upya, ila kwa wakati ule ile nakala ndiyo iliyoirudisha kazi mezani. Filamu ilitoka Novemba 1999 na kuingiza karibu dola milioni 500 duniani.

Leo kazi ya yule mama inafanywa na kitu kinachoitwa wingu. Picha, nyimbo, vyeti vya shule, mikataba, video ya harusi, vyote viko "huko juu". Ila huko juu hakujaanza jana, na waliokujenga, waliokufaidi na waliolizwa nako wana stori zao. Majina yao yabaki pembeni, walichofanya kinatosha.

Enzi za kubeba mkononi

Kabla ya wingu, faili lilikuwa kitu cha kushika. Disketi, ile ya plastiki ya mraba, ilibeba MB 1.44. Wimbo wa dakika nne ukiubana kuwa MP3 ya kawaida unakula karibu MB 4, maana yake disketi moja haiutoshi hata nusu. CD ilipokuja na MB 700 ilionekana ghala. Halafu mwaka 2000 flashi za kwanza zikaingia sokoni zikiwa na MB 8 tu. Leo picha chache za simu zinaijaza.

Afrika Mashariki iliishi kwenye CD na flashi muda mrefu. Wimbo ulitoka studio kwenda redioni ukiwa mfukoni mwa mtu. Msanii chipukizi alizunguka na CD zake kwenye bahasha, anamwachia mtangazaji getini, anarudi nyumbani kusikiliza redio kama utapigwa. CD ikikwaruzika au flashi ikila kirusi, safari inaanza upya.

Na mtaani alikuwepo mtu ambaye historia inamsahau: kijana wa kuingiza nyimbo. Ana meza, kompyuta moja na spika. Unampa kadi ya simu, unataja unachotaka, unalipa. Kompyuta yake ilikuwa na mpangilio wake: folda ya Bongo Flava, ya taarabu, ya gospo, ya Kikongo, ya zilipendwa. Ukimwambia "niwekee zile za zamani za kutuliza roho", anajua aende wapi. Kwa lugha ya leo, yule ndiye aliyekuwa wingu la mtaa, tena wingu lililopangwa. Mteja hakulipia nyimbo peke yake, alilipia pia kuzipata bila kutafuta nusu saa.

Utani wa Aprili mosi

Tarehe 1 Aprili 2004 kampuni moja ya Marekani ilitangaza barua pepe yenye nafasi ya GB 1, bure. Wengi waliona ni utani wa sikukuu ya wajinga, kwa sababu washindani wakubwa wa wakati huo walitoa MB 2 hadi 4. Haikuwa utani. Ilikuwa Gmail.

Watu wakagundua ujanja ambao haukuwa kwenye tangazo: kujitumia barua wao wenyewe. Unaambatisha CV, unajitumia, unaondoka intaneti kafe mikono mitupu. Kesho unaingia kafe nyingine, unaifungua, unachapisha. Kwa mtafuta kazi asiye na kompyuta, hiyo ilikuwa ukombozi. Wingu lilikuwa limeshaanza kutumika kabla halijapewa jina mtaani.

Kijana aliyesahau flashi

Mwishoni mwa mwaka 2006 kijana mmoja aliyesoma chuo cha teknolojia cha MIT alipanda basi Boston kwenda New York. Alipanga kufanya kazi njiani. Kafungua kompyuta, kapapasa mfukoni, flashi hakuna, imebaki nyumbani. Mwenyewe anasimulia kwamba alikasirika, na kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya, akaanza kuandika programu humo humo ndani ya basi ili asihitaji flashi tena maishani.

Mwaka 2007 yeye na mwenzake wakaanzisha kampuni. Wakaiita Dropbox. Hawakuwa na bidhaa iliyokamilika, wakatengeneza video fupi ya kuonyesha itakavyofanya kazi. Ilipozagaa mwaka 2008, orodha ya waliokuwa wanasubiri kuijaribu iliruka kutoka watu 5,000 hadi 75,000 ndani ya usiku mmoja. Huduma ikafunguliwa kwa wote Septemba 2008 ikiwa na GB 2 za bure, na ukimleta rafiki mnaongezewa nafasi wote wawili. Mpaka Januari 2010 walikuwa na watumiaji milioni 4. Desemba 2009 bosi mmoja maarufu wa teknolojia aliwaita akitaka kuinunua kampuni. Wakakataa. Akawaambia walichonacho ni kipengele tu, hakijafikia kuwa bidhaa. Machi 2018 kampuni iliingia soko la hisa.

Siri yao ilikuwa kwenye kupakia. Kabla yao, kwa njia nyingi za kawaida, ukibadilisha neno moja kwenye faili kubwa unalipandisha lote upya, na mtandao ukikata katikati unaanza mwanzo. Wao walilikata faili vipande vya MB 4. Kila kipande kinapewa alama yake, kama alama ya kidole. Programu inauliza seva: kipande hiki unacho? Kama kipo, kinarukwa. Kama hakipo, kinapandishwa. Mtandao ukikata, vilivyofika vimefika, vilivyobaki vitamalizia. Kwa mtu mwenye bando la kuhesabu, huo ni uchumi.

Ila ukweli mmoja ulifichwa na jina zuri la wingu: hakuna kinachoelea. Kuna majengo makubwa yenye maelfu ya kompyuta, yenye umeme na mitambo ya kupoza joto, na yana mwenyewe. Faili lililo kwenye wingu liko kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Waya uliotua ufukweni

Mambo haya yalipokuwa yanapamba moto Marekani, Afrika Mashariki bado ilitegemea setilaiti: intaneti ya bei mbaya na mwendo wa konokono. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ukawashwa, ukitua Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ukafuata wa EASSy. Simu janja za bei nafuu zikaingia, na makampuni makubwa nayo yakaleta mawingu yao: iCloud Oktoba 2011 na GB 5 za bure, Google Drive tarehe 24 Aprili 2012 na GB 5, zikapanda hadi 15 mwaka 2013.

Taratibu bahasha ya CD ikafa. Prodyuza anapandisha wimbo, anatuma linki, mtangazaji anashusha. Mpiga picha wa harusi anawapa maharusi folda badala ya DVD.

Wingu lilipoanza kuuma

Agosti 31, 2014 picha za faragha za mastaa kadhaa wa Hollywood zilimwagwa mtandaoni. Dunia ikapiga kelele kwamba wingu limevunjwa. Uchunguzi ulionyesha jambo la kawaida zaidi. Mwanaume mmoja wa Pennsylvania alikuwa anatuma barua pepe za uongo, akijifanya ni kampuni ya simu au ya barua pepe, anaomba neno la siri. Watu walimpa. Aliingia kwenye akaunti zaidi ya mia moja za iCloud na Gmail, na mwaka 2016 akahukumiwa miezi 18 jela. Haikuthibitishwa kwamba yeye ndiye aliyezisambaza picha, ila namna alivyoingia ilijulikana. Mlango haukuvunjwa, mwenye nyumba alitoa ufunguo mwenyewe. Waliodhalilika kwa kutazamwa na mamilioni hawakuwahi kurudishiwa faragha yao.

Pigo lingine lilikuwa la kimya. Mwaka 2003 ulianza mtandao wa MySpace, ambako wasanii wasio na lebo walipakia nyimbo zao na wengine wakajulikana kwa njia hiyo. Machi 2019 ikafahamika kwamba wakati wa kuhamisha seva, nyimbo zote zilizopakiwa kwa miaka 12 zilipotea. Vyombo vya habari vilikadiria nyimbo milioni 50 za wasanii milioni 14. Wapo ambao hawakuwa na nakala nyingine. Waliamini kupakia ndiyo kuhifadhi.

Mwezi mmoja baadaye kundi la watafiti wasiotaka kutajwa likajitokeza. Walikuwa wameshusha nyimbo 490,000 miaka ya nyuma kwa ajili ya utafiti wao. Wakazitoa zihifadhiwe hadharani. Katika milioni 50, hiyo haifiki hata asilimia moja. Kama kwa yule mama wa 1998, kilichopona ni kile ambacho mtu mwingine alikuwa nacho pembeni.

Halafu ikaja hesabu ya bure. Mwaka 2015 Google Photos ilifungua milango: pakia picha bila kikomo, usilipe. Watu wakajaza. Tarehe 1 Juni 2021 mlango ukafungwa, kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa ndani ya zile GB 15. Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Ile akaunti ya zamani yenye picha za marehemu bibi, ambayo hakuna anayekumbuka neno la siri, iko hatarini.

Na Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa pamoja. Tanzania, Kenya na majirani wakabaki na intaneti ya kubembeleza. Mafaili hayakupotea, yalikuwa salama huko yaliko. Ila mwenye kazi ya kukabidhi asubuhi hiyo, na kila kitu chake kiko juu, alikuwa sawa tu na yule kijana wa kwenye basi: kazi ipo, haishikiki.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nafasi inavyozidi kuwa kubwa ndivyo mtu anavyozidi kutupia tu. Faili linaitwa "mwisho", linafuata "mwisho kabisa", linafuata "mwisho kabisa 2 hii ndo yenyewe". Siku lebo inapotaka wimbo halisi, studio nzima inasikiliza mafaili 11 kutafuta lipi ni lipi. Lililopotea ndani ya folda halina tofauti na lililofutwa.

Wanaotunza mafaili vizuri wana tabia zinazofanana. Tarehe wanaitanguliza kwenye jina, mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, mfano 2024-05-12, na mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano. Folda wanafungua kwa kazi, kila kazi na yake, na ndani yake vyumba vichache: sauti, picha, mikataba. Wanapotoa linki wanaangalia inampa mtu ruhusa ya kuona au ya kubadilisha, na kama imefunguliwa kwa mmoja au kwa yeyote atakayeipata. Nyimbo zinavuja kwa linki kama hizo bila mdukuzi yeyote kuhusika. Na akaunti yenyewe wanaiwekea ulinzi wa hatua mbili, ili neno la siri likiibwa peke yake lisitoshe.

Kuna kosa moja linalowaponza hata wajanja. Folda inayojioanisha kati ya simu, kompyuta na wingu siyo akiba. Ukifuta faili kwenye simu, linafutika kote. Huduma nyingi zinalitunza kwenye pipa la taka kwa siku 30 hivi, zikipita limekwenda.

Ndiyo maana miaka ya 2000 mpiga picha mmoja wa Marekani alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na ulipo. Kwa kijana wa mjini hiyo ni simu, diski ya nje au flashi, na wingu. Mwizi akiondoka na simu, viwili vimebaki. Waya ukikatika baharini, viwili viko mezani. Kampuni ikibadilisha masharti, nakala zako hazihitaji ruhusa yake.

Simu yako ikienda leo jioni kwenye daladala, kesho asubuhi utabaki na nini? Tupia jibu hapo chini, ila kabla hujaandika, cheki kwanza.