Kabla ya Hashtegi Kulikuwa na Hansard

Muulize kijana yeyote hapa Isinya siasa za mtandaoni zilianza lini Kenya, atakuambia Juni 2024. Namwelewa, maana mwaka huo ndio wengi wetu tulishika bango kwa mara ya kwanza. Lakini hadithi hii ina karibu miaka 20, na kuna somo ndani yake ambalo tunalihitaji kabla ya Agosti 2027. Twende nayo polepole.

Katikati ya miaka ya 2000, Bunge lilikuwa na tovuti yenye wasifu wa wabunge. Baadhi ya waheshimiwa wakalalamika, tovuti ikaondolewa. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, akaungana na Conrad Akunga kuanzisha Mzalendo. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na kuonyesha kila mbunge amesema nini. Wa serikali na wa upinzani walipimwa kwa kipimo kimoja. Shabiki wa Kibaki na shabiki wa Raila waliweza kusoma kitu kimoja, halafu wabishane juu ya maneno yaliyoandikwa.

Kisha ikaja Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakakimbilia SMS na intaneti. Mashada, ukumbi mkubwa wa mazungumzo wa Wakenya mtandaoni, ulijaa matusi ya kikabila mpaka mwenyewe, David Kobia, akaufunga mwishoni mwa Januari 2008. Huku nje, watu zaidi ya 1,100 waliuawa kwenye ghasia zile.

Lakini siku zilezile, Okolloh, Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao walijenga Ushahidi, ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia ripoti ya kilichotokea na mahali kilipotokea. Ramani haikuuliza ulimpigia nani kura.

Hebu angalia hapo. Nchi ni ileile, mwezi ni uleule, hata baadhi ya watu ni walewale. Mahali pamoja watu waliulizana "wewe ni wa wapi?" na pakaungua. Mahali pengine waliulizana "nini kimetokea, wapi, lini?" na pakasaidia. Maoni yangu ni haya: mtandao huwavusha watu mipaka ya chama na kabila wakiwa na karatasi moja mbele yao. Ukiiondoa hiyo karatasi, wanabaki na majina yao ya ukoo tu.

Mwaka 2024 karatasi ilikuwa Mswada wa Fedha. Ulipendekeza VAT ya 16% kwa mkate na kodi ya 2.5% ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana waliupakua, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza TikTok. Kuna hata waliotengeneza programu ya akili mnemba ya kujibu maswali juu yake. Mkate hauna kabila, bana. Ndiyo maana ule usemi wa hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi uliingia hata Kajiado, kaunti ambayo kila uchaguzi tunasikia habari za mwenyeji na mgeni. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaukataa, na waandamanaji wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini. Makumi ya vijana hawakurudi nyumbani kutoka maandamano yale.

Na bei iliendelea kulipwa, tena hapa karibu. Agosti 19, 2024, mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili walitekwa Kitengela. Mahakama Kuu ilimwita kaimu Inspekta Jenerali wa polisi mara kadhaa, hakufika, mpaka akahukumiwa kifungo kwa kudharau mahakama. Watatu hao waliachiliwa Septemba 20. Juni 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukasema mengine.

Sasa swali gumu. Ule umoja ulienda wapi? Mswada ulipoondoka, karatasi iliondoka nao. Oktoba 2024 Gachagua akatolewa kwenye kiti cha Naibu Rais. Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano. Sisi tukarudi kuulizana uko upande wa nani. Leo kuna "wantam" na kuna "tutam". Nacheka nazo kama wewe, lakini maneno yote mawili yanamhusu mtu mmoja. Hakuna hata moja linalokuambia dawa zitafika lini zahanati ya kijijini kwenu.

Najua kuna atakayesema kusoma ripoti hakuzuii risasi. Ni kweli, hakuzuii. Lakini ni vigumu zaidi kutugawanya wakati Mmaasai wa Isinya, Mkikuyu wa Kitengela na Mluo aliyepanga hapa mjini wote wameshika ukurasa uleule na kuuliza swali lilelile.

Karatasi zipo. Katiba, Kifungu cha 35, inatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na kuwashirikisha wananchi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti ya kila kaunti, yetu ikiwemo. Basi chukua ripoti ya Kajiado, soma ukurasa mmoja tu, uurekodi kwa Kimaasai, Kikamba, Kiswahili, lugha yoyote ya nyumbani kwenu. Halafu tag diwani wako, awe wa chama chako au la.