Kinu cha Materuni, jiwe la Oaxaca

Miteremko ya Kilimanjaro ni ya kahawa na migomba. Kakao haiwezi baridi ya huko. Mkulima wetu wa kakao yuko Kyela, kwenye joto la Ziwa Nyasa. Huvundika mbegu siku kadhaa, huzianika, kisha huziuza ziende ng'ambo. Anayetaka kuona zao likifika kikombeni kwa nguvu za mikono apande Materuni, huko Uru, juu ya mji wa Moshi.

Kule buni kavu hutwangwa kinuni huku watu wakiimba. Mchi hushushwa kwa kiasi, ili ganda litoke na punje ibaki nzima. Buni hupetwa kwa ungo, hukaangwa chunguni bila mwiko kupumzika mpaka iwe nyeusi na kung'aa, hurudishwa kinuni iwe unga, ndipo huchemshwa. Huko Oaxaca, Mexico, kakao nayo hukaangwa na kumenywa, ila husagwa juu ya jiwe lililopashwa moto. Mafuta yake huyeyuka, unga ukageuka rojo zito. Kinywaji hupekechwa kwa kijiti kati ya viganja mpaka povu lipande, na povu ndilo heshima ya mgeni.

Mikono inafanana, historia ni mbalimbali. Mexico waliinywa kakao karne nyingi kabla Mhispania hajafika. Uchaggani mibuni ililetwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikawa zao la kuuza. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933. Posa, sherehe na matambiko viliendelea kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Walio karibu zaidi na desturi ya Mexico ni Wahaya: tangu kabla ya ukoloni walichemsha kahawa kwa majani, wakaikausha, wakaitafuna na wageni na hata katika kuchanjiana udugu.

Kwa hiyo wapo wanaosema kahawa ya kinu ya Materuni ni maonyesho ya watalii tu. Siafiki hata kidogo. Kwa miongo mingi mkulima alipeleka chamani kahawa ya maganda, ukaangaji na faida yake vikabaki kwa wengine. Sasa mama mwenye kihamba, shamba la nyumbani, anaikaanga mwenyewe, anamkaribisha mgeni, na malipo yanaingia jikoni kwake.

Natamani Kyela nao waanze. Kakao wanayo, na kusaga kwa jiwe wazee wao wanakujua.