Mkono Katika Rundo la Nafaka: Uaminifu Baina ya Muuzaji na Mnunuzi Wasioonana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu,

Maneno yetu ya leo yanahusu biashara baina ya watu wasioonana. Mtu yuko Tanga, anatazama picha ya kitambaa katika simu yake. Mwenye kitambaa yuko Dar es Salaam, au Guangzhou katika nchi ya China. Mnunuzi hakigusi kitambaa, hamjui muuzaji, wala hajui duka lake liko mtaa gani. Hata hivyo hutoa fedha kwanza, kisha hungoja. Mara nyingi mzigo hufika kama ulivyoelezwa. Mara nyingine hufika kitu kingine, au hakifiki kitu, na ile namba ya simu haipatikani tena. Wako wasemao ya kuwa udanganyifu huu umezaliwa na intaneti, na kwamba mafundisho ya kale hayana la kusema juu yake. Historia yaonyesha kinyume chake.

Abu Huraira (R.A.) amepokea, na Imamu Muslim ameithibitisha, habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akakuta rundo la nafaka. Aliingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu kuwa nafaka ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Kisha akabainisha ya kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Neno letu kughushi latokana na neno hilo hilo la Kiarabu.

Tuzingatie jambo moja. Mtu yule hakulaumiwa kwa sababu ya mvua, wala hatukuambiwa kuwa alitamka uongo. Kosa lake lilikuwa katika kupanga: kavu juu, mbichi chini. Leo hii anayepiga picha upande mzima wa kabati na kuuficha upande uliopasuka, ametenda vivyo hivyo.

Yako na makatazo mengine mawili ya soko lile. La kwanza ni kumwacha kondoo au ngamia bila kumkama siku kadhaa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo alipewa siku tatu za hiari: akitaka atamweka, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyatumia. La pili ni najshi, yaani mtu kupandisha bei katika mnada hali hana nia ya kununua, ila kumvuta mwingine anase. Makatazo yote mawili yahusu sura ya nje iliyotengenezwa ili kuyashinda macho ya mnunuzi.

Dola za Kiislamu zilipokua, masoko yaliwekewa msimamizi aliyeitwa muhtasibu. Katika karne ya 12, huko Sham, Abdulrahman al-Shayzari alitunga kitabu cha kumwongoza muhtasibu, akieleza hila za kila kazi: waoka mikate, wachinjaji, wauza maziwa, wauza dawa. Msimamizi huyo alikuwa mkono wa mnunuzi asiyejua wapi pa kutazama.

Lakini muhtasibu hakuweza kuvuka bahari. Katika karne ya 11 wafanyabiashara wa Misri, Tunisia na Sisilia walipelekeana mali kupitia mawakala waliokaa mbali nao. Barua nyingi za wafanyabiashara wa Kiyahudi waliokuwa raia wa dola ya Fatimiya zilihifadhika katika sinagogi la Fustat, mjini Kairo. Zimejaa habari za bei na za merikebu, na habari za watu pia: nani ametimiza ahadi, nani amechelewesha hesabu. Wakala aliyemhini mmoja aliogopa kukosa kazi kwa wote. Na hapa kwetu pwani, bidhaa iliyochukuliwa kwa ahadi ya kulipwa baadaye iliitwa mali kauli. Jina hilo latufundisha ya kuwa dhamana yake ilikuwa neno la mtu.

Ndugu zangu,

Soko la intaneti lilipoanza, lilirudia njia hizi hizi. Mwezi wa Septemba 1995 Pierre Omidyar alifungua huko California mnada ambao baadaye uliitwa eBay. Mwanzoni mwa 1996 aliweka mahali ambapo muuzaji na mnunuzi huandikiana sifa au lawama, na kila mtu akasoma. Hiyo ndiyo barua ya Fustat, ila sasa yasomwa na dunia nzima. Huko China, mwaka 2003, kampuni ya Alibaba ilianzisha soko la Taobao, na mwaka huo huo ikaweka utaratibu wa Alipay: fedha ya mnunuzi hushikwa na mtu wa tatu mpaka mzigo ufike.

Njia hizi zimesaidia sana. Lakini kila njia hushikwa na wanadamu. Mwezi wa Februari 2011 Alibaba yenyewe ilitangaza ya kuwa wauzaji zaidi ya 2,300 waliopewa alama ya kuaminiwa walikuwa wamewadanganya wanunuzi, na kwamba wafanyakazi wake wapatao 100 waliwaacha waingie, ama kwa makusudi ama kwa uzembe. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu, ingawa hakuonekana kuhusika. Nazo sifa zimepata wachuuzi wake: watu hulipwa ili wasifu bidhaa wasiyopata kuiona. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku uuzaji na ununuzi wa sifa za uongo. Nini hiyo kama si najshi, iliyokatazwa Madina zaidi ya miaka 1,300 kabla yake?

Na hasara ya udanganyifu haimwishii aliyedanganywa. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyokwisha tumika. Mnunuzi asiyeweza kutenganisha zuri na bovu hutoa bei ya chini kwa yote. Mwenye gari zuri haoni faida, hujitoa. Sokoni hubaki mabovu. Basi mfikirieni mama mjane anayeshona nguo nyumbani na kuziuza kwa simu kwa sababu hana kodi ya duka. Kila tapeli anayetoweka na fedha za watu humfungia mama huyo mlango. Watu huambiana: msinunue kwa msiyemjua. Naye hajulikani, ingawa ni mwaminifu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu,

Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, yawaonya wale wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Onyo hilo lina pande mbili. Muuzaji na aionyeshe ila ya bidhaa yake kwanza, kabla ya uzuri wake. Mnunuzi naye asidai kuwa mzigo haukufika hali umo chumbani mwake, wala asimtishe muuzaji kwa lawama ya uongo ili apunguziwe bei. Kijana asiuze sifa yake kwa shilingi chache. Na aliyetapeliwa asione haya kusema, kwani kunyamaza kwake ni kumwandalia tapeli mtu wa pili.

Mnunuzi wa leo hawezi kuingiza mkono wake katika rundo. Alama, sifa na mtu wa tatu ni badala tu ya mkono huo, na badala yaweza kughushiwa. Anayejua palipolowa ni mmoja, naye ni muuzaji. Juu yake kuna Mwenye kujua zaidi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki chumo zetu za halali, azitakase ndimi na mizani zetu, na atujaalie kuwa katika wenye kutimiza amana. Amin.