Kiti, Pepo na Mwenyekiti: Kinjeketile Alipandwa na Nani?

Katika lugha yetu mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo ndiye mpandaji. Mwili wa mgonjwa ni mahali pake pa kukalia tu. Ndiyo maana katika ngoma za kupunga pepo za mwambao, kiti anapotukana wakubwa, anapodai manukato au anapoamrisha mume wake apige magoti, hakuna anayemshitaki kesho yake. Yeye hakusema, aliyesema ni aliyemkalia. Na katika ngoma hizo hofu, kicheko na wimbo hukaa katika ukumbi mmoja bila kugombana. Watoto hujificha nyuma ya mama zao, kisha hucheka pale kibuki wa Zanzibar, pepo anayenasibishwa na Bukini, anapodai brandi kwa sauti ya kifalme, na wakati wote huo ngoma haikatiki.

Nasema haya kwa sababu mwaka 2003, mjini Toronto nchini Kanada, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa kuigiza wa nyimbo uitwao Evil Dead: The Musical, uliotokana na filamu za Sam Raimi. Shujaa wake, kijana aitwaye Ash, huingiwa na pepo mkononi. Mkono humgeuka mwenyewe, naye huukata kwa msumeno wa mashine huku ukumbi ukiangua kicheko na watazamaji wa mistari ya mbele wakirushiwa damu bandia. Kwa wenzetu, kuchanganya kitisho, mzaha na muziki namna hiyo ni aina ya pekee ya sanaa, yenye mashabiki wake maalumu. Kwa mtu aliyewahi kukaa ukumbini penye ngoma ya pepo, mchanganyiko huo si mgeni. Kigeni kwetu ni ile njia rahisi ya kutoka: kwamba pepo anaweza kukaa katika kiungo kimoja tu, na kwamba ukikikata kiungo hicho umepona.

Historia yetu inaye shujaa aliyepandwa ambaye hakuwa na mkono wa kukata. Jina lake ni Kinjeketile Ngwale.

Masimulizi ya wazee wa kusini, yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 na kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1968 chini ya uhariri wa G. C. K. Gwassa na John Iliffe, yanaeleza kwamba mwaka 1904 huko Ngarambe, karibu na Mto Rufiji, Kinjeketile alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo mbele ya macho ya watu. Alitambaa kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi, jamaa zake wakamshika miguu wasiweze kumzuia, akazama. Walikesha ukingoni wakingoja maiti. Asubuhi ya pili akatoka mzima, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kunena habari ambazo hakuwa akizinena kabla. Tangu hapo watu walimiminika Ngarambe kutoka mbali kupokea dawa: maji yaliyochanganywa na mahindi na mtama, ambayo yangezifanya risasi za Wajerumani kuwa maji.

Tusiharakishe kucheka. Watu waliokwenda Ngarambe hawakuwa wajinga. Walikuwa wakulima waliolazimishwa kulima pamba katika mashamba ya jumbe kwa malipo yasiyofaa hata kutajwa, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Walikuwa pia watu wa makabila mengi yasiyokuwa na mtawala mmoja wala sababu ya zamani ya kuaminiana. Maji yaliwapa kile ambacho hakuna jumbe aliyeweza kuwapa, yaani kiapo kimoja. Habari zilipita kwa mnong'ono uliojulikana kama njwiywila, na wajumbe waliobeba dawa kutoka kijiji hadi kijiji waliitwa nao hongo, kwa jina la pepo mwenyewe.

Nawaomba wasomaji wangu, hasa mlioko maofisini, mlishike jambo hilo la mwisho. Mwanzoni pepo alikuwa na kiti kimoja. Baada ya miezi michache alikuwa na viti mamia, na kila mjumbe alikuwa na uhuru wa kuongeza neno lake juu ya neno alilotumwa.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mashina ya pamba, na hiyo ikawa tangazo la vita. Mapema Agosti, vita vikiwa bado vichanga, Wajerumani walimnyonga Kinjeketile huko Mohoro. Wakidhani wamekata mkono, waliona mwili ukiendelea kutembea. Hongo waliendelea kusambaza maji hadi kwa watu ambao hawakuwahi kumwona Kinjeketile kwa macho. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliikabili boma ya Mahenge iliyolindwa kwa bunduki za rashasha, wakaanguka. Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Kisha serikali ya Gavana Götzen ikageukia silaha ya njaa: mazao yalichomwa, maghala yakatekwa. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Je, damu hiyo yote idaiwe kwa nani? Kwa mkoloni kwanza, na hilo halina mjadala: aliyepiga risasi na kuchoma ghala ndiye muuaji. Lakini lipo swali la pili, la ndani ya nyumba yetu, na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ndiye aliyethubutu kuliuliza jukwaani katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Hussein aliweka wazi kwamba mhusika wake si nakala ya mtu wa historia, bali kiumbe cha mawazo yake. Kinjeketile wa jukwaani anazinduka. Anaanza kushuku kile alichokinena alipokuwa amepandwa, hasa pale anapotambua kwamba unabii aliotoa unawaahidi watu wake kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kumtoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine. Anataka watu wangoje. Lakini watu hawangoji tena. Na mwisho, akiwa mikononi mwa Wajerumani na akitakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa.

Wanafunzi wangu hugawanyika hapa kila mwaka. Wapo wanaosema ni msaliti, kwa kuwa alijua na akanyamaza, na watu wakafa. Wapo wanaosema ni shujaa, kwa kuwa angekana, watoto wa vizazi vya mbele wangerithi aibu badala ya kumbukumbu ya kupigania haki. Wote wana hoja. Inafaa kukumbuka kwamba Desemba 1956, Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa kudai uhuru, aliitaja Vita ya Majimaji kama ushahidi kwamba watu wetu hawakuwahi kuukubali utawala wa kigeni. Kama Kinjeketile angekana, ushahidi huo ungekuwa mwembamba zaidi.

Hata hivyo naona kambi zote mbili zinamwangalia mtu mmoja mno. Ngoma ya pepo ina watu watatu: kiti, pepo na mganga. Kazi ya mganga si kumpandisha pepo tu. Ni kumjua kwa jina, kumhoji anataka nini, kupatana naye, kisha kumshusha na kumrudisha mtu nyumbani kwake akiwa na akili yake. Msiba wa Kinjeketile wa Hussein ni kwamba alipandwa mahali pasipo na mganga. Alizinduka peke yake katikati ya ukumbi, pepo ameshaondoka, na watu wanaendelea kucheza. Hakuwepo mwenye wajibu wa kumhoji Hongo: wewe ni nani, watoka wapi, na hawa watoto wa Seyyid Said wameingiaje katika habari zetu? Kila mtu ukumbini alikuwa mpokea maji.

Niliwahi kuulizwa swali hili kwa namna nyingine na vijana wa sekondari huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, katika likizo moja. Walikuwa wakibishana juu ya filamu ya Kibongo ambayo shujaa wake hupagawa na kutenda maovu, kisha hupungwa na kusamehewa. Mmoja wao akaniambia, "Mwalimu, huyo hawezi kufungwa, maana si yeye." Mwenzake akamjibu, "Basi kila kiongozi atasema si yeye." Sikuwa na la kuongeza. Kijana yule alikuwa amefika pale ambapo vitabu vyetu vya uraia huchukua sura tatu kufika.

Na Kibakwe ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo, kwa kuwa Dodoma ina kumbukumbu yake ya neno lililopanda watu. Mwaka 1967 Mwalimu aliandika juu ya ujamaa vijijini, na Oktoba 1968 alisisitiza katika andiko lake la uhuru na maendeleo kwamba watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa kulazimisha. Neno hilo lilikuwa safi. Lakini lilihitaji wabebaji. Ilipofika mwaka 1971 mkoa huu ulikuwa ndani ya Operesheni Dodoma, na wabebaji wake walikuwa na malengo ya kutimiza na taarifa za kupeleka juu. Novemba 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri kwa nchi nzima, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Yapo mahali katika nchi hii ambapo nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi.

Sisemi kwamba ujamaa ulikuwa pepo mchafu. Vijiji vilileta shule, zahanati na visima, na wengi wetu tunaosoma makala haya tulijifunza kusoma kwa sababu yake. Ninachosema ni kwamba umbali kati ya andiko la 1968 na moto wa operesheni ni umbali uleule kati ya Ngarambe na Mahenge. Ulipitiwa na hongo. Nao walikuwa watumishi wa kawaida, wenye familia, ambao wengi wao waliona kwa macho kwamba watu wanahamishiwa mahali pasipo na maji, wakanyamaza kwa kuwa aliyesema alikuwa mkubwa.

Hussein alilielewa jambo hili mapema. Katika Mashetani, tamthilia yake ya mwaka 1971, vijana wawili, Kitaru na Juma, wanacheza mchezo chini ya mbuyu: mmoja shetani, mwingine binadamu. Huanza kama mzaha. Lakini Kitaru anatoka mchezoni akiwa mgonjwa, hawezi kulala, na hata daktari wa akili hampati shetani wake, kwa kuwa shetani huyo hayumo kichwani mwa Kitaru peke yake. Yumo katika nchi iliyopata uhuru na bado inasikia sauti ya bwana wake wa zamani ikitoka katika vinywa vipya. Ukoloni uliondoka kitini. Je, uliondoka kwa aliyekikalia? Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Linakubakiza kidogo, ili kesho likukute.

Lugha yetu, kwa hekima ambayo huenda hakuna aliyeikusudia, imetupa neno moja kwa mambo mawili. Kiti ni yule anayepandwa na pepo, na kiti ni cheo. Humwita kiongozi wa kijiji, wa kamati na wa chama mwenyekiti, yaani mwenye kiti. Tofauti iko katika neno mwenye: kiti hupandwa, mwenyekiti hukimiliki. Kiongozi anayesema "si mimi, ni maagizo" amejishusha kutoka mwenyekiti akawa kiti. Na mtumishi anayepokea agizo asilolihoji, akaliongezea chumvi ili apendeze, si hata kiti, ni hongo.

Kwa hiyo, kwa wanafunzi: mnapokiandikia mtihani kitabu cha Kinjeketile, msiishie kwenye swali la kama alikuwa shujaa au msaliti. Ulizeni mganga alikuwa wapi. Kwa wanaharakati: neno linalounganisha watu ni hazina, lakini lazima liwe na mahali pa kuhojiwa kabla halijatoka Ngarambe, kwa maana likishatoka halirudi, hata mwenye nalo akinyongwa. Kwa watumishi wa umma: ninyi ndio mko katikati ya mto na Mahenge. Mnaona mapema kuliko wote kama maji yanageuza risasi au hayageuzi. Bunge, mahakama, magazeti, mkutano mkuu wa kijiji na faili lililoandikwa maoni ya kweli, vyote ni waganga wetu, na kazi yao ni moja: kumwuliza pepo jina lake wakati ngoma bado inapigwa.

Ash wa Toronto alikata mkono, pazia likashuka, watu wakaenda nyumbani wakifua damu ya rangi. Sisi damu yetu haikuwa ya rangi, na neno halina kifundo ambapo msumeno ungeweza kupita. Kinjeketile simhukumu. Alipandwa, na aliyepandwa hahukumiwi. Lakini waliokuwa wazima ukumbini, waliomsikia, waliomshuku kimoyomoyo na bado wakakinga viganja, hao historia inayo haki ya kuwauliza. Na hao, kwa idadi, ndio sisi.